Jiko Hufa kwa Majivu

Jiko bovu likiletwa kibandani kwangu Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, sianzi kuliangalia kinywani. Naligeuza juu chini, nalipiga kofi kitakoni, nangoja kitakachomwagika. Yakitoka majivu kidogo, makavu na meupe, najua tatizo liko kwenye bati au kwenye udongo, na kazi itakuwa nyepesi. Yakitoka mabonge ya kijivu yaliyoshikana kwa unyevu, nimekwisha pata habari za nyumba lilikotoka: usiku jiko humwagiwa maji, mlango wa chini haujafunguliwa hadi ukashika kutu, na mpishi analalamika kwamba makaa ya siku hizi hayana moto.

Malalamiko hayo nayasikia kila mvua zinapoanza. Bibi mmoja wa barabara ya jirani alinijia kwa hasira, jiko kalibeba mjukuu wake nyuma.

"Fundi, jiko lako limekuwa jizi. Linakula makaa, na maharage hayaivi."

"Bibi yangu, hili haliwezi kula. Limezibwa pumzi."

Nilichukua spoki ya baiskeli nikazibua matundu moja moja mbele yake. Kati ya matundu yote, yaliyokuwa yakipitisha hewa hayakufika nusu. Sikumtoza hata faranga, maana hapakuwa na ufundi pale.

Nyumba nyingi za Bujumbura, hata zile zenye jiko la umeme, zina imbabura, yaani jiko la makaa, uani. Umeme ukikatika mchana maharage hayasubiri, na gesi ya mtungi si ya kila mfuko. Kwa hiyo tunachoma makaa ya mikaratusi yanayoshuka na malori kutoka milimani. Sisi mafundi wa Buyenzi, ambao baba zetu walikaa jirani na gereji kabla hatujazaliwa, tunakata mapipa ya mafuta na mabati chakavu kutengeneza vya kuyachomea. Majiko tunayouza ni ya namna mbili. Kuna la bati tupu, la bei rahisi, linalopata joto kwa nje kiasi cha kukuunguza goti. Na kuna lenye udongo wa mfinyanzi ndani, ambalo mara nyingi hupewa kiuno chembamba katikati. Umbo hilo la kiuno lilitokea Nairobi mapema miaka ya 1980. Wakenya walikuwa wameona ndoo za udongo za kupikia za Thailand, wakazibadili, na wahunzi wa mtaa wa Shauri Moyo wakaligeuza kuwa biashara iliyovuka mipaka. Jiko la udongo likitunzwa huokoa theluthi ya makaa, wakati mwingine hata nusu, ukililinganisha na la bati tupu. Lisipotunzwa akiba hiyo yote hupotea, na hapo ndipo watu huanza kuwalaumu wachoma makaa.

Jambo lenyewe ni hewa. Hewa huingia kwa mlango mdogo wa chini, hupita chumba cha majivu, hupanda kwenye matundu ya sahani ya udongo na kuyakuta makaa. Majivu yakijaa chini, njia imefungwa. Yakijaa matunduni, imefungwa mara mbili. Mpishi anaona moto umefifia, anaongeza makaa. Makaa mapya yanakaa juu ya yale yaliyokosa hewa, yanapata joto bila kuungua vizuri. Ndipo anachukua kipepeo au kifuniko cha sufuria, anapepea hadi mkono unauma. Kupepea kunasaidia kidogo, halafu majivu yanarudi palepale.

Hayo ni ya mfuko. Ya roho ni mazito zaidi, na nitayaeleza polepole kwa sababu ndiyo yanayonifanya niwachoshe wateja kwa maneno.

Makaa yaliyo karibu na matundu hupata oksijeni ya kutosha, na yakiungua hutoa kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo ikipanda kupitia makaa mekundu yaliyo juu yake, hunyang'anywa sehemu ya oksijeni na kuwa kaboni monoksaidi. Ikifika juu ikakuta hewa safi na joto, huungua. Vile vimoto vya buluu vinavyochezacheza juu ya makaa, ambavyo watoto hupenda kuvitazama, ndiyo gesi hiyo inaungua. Vimoto vikipotea huku makaa bado ni mekundu, gesi haijaisha. Inapaa hivyohivyo, bila kuungua. Jiko lililozibwa na majivu huitoa kwa wingi zaidi. Sufuria iliyolala juu ya makaa badala ya kukaa juu ya vishikio vyake vitatu nayo huvizima vile vimoto vya buluu kabla havijamaliza kazi. Ndiyo maana kishikio kikivunjika nakirudishia hata kama mteja anasema sufuria yake inakaa vizuri bila hicho.

Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, wala haiwashi macho. Wengi wetu tumelelewa kuuogopa moshi, na tuna haki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana na kupikia nishati kama kuni na makaa, iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiofikisha miaka mitano. Hao huuawa pole pole, kwa mapafu, moyo na kiharusi. Lakini moshi angalau unakufukuza. Unakohoa, unatoka nje, unafungua mlango. Makaa mekundu yaliyotulia, yasiyo na uzi wa moshi, yanakubembeleza ukae. Damu huishika gesi yake kwa nguvu inayozidi mara 200 ile inayoshikia oksijeni, kwa hiyo kiasi kidogo chumbani kinatosha kumnyima mtu pumzi akiwa anapumua.

Nani anaingiza jiko ndani Bujumbura, mji wa joto hivi? Wengi. Mvua inanyesha uani na maharage bado magumu. Mama amejifungua, na wakubwa wanataka apashwe joto. Mgeni ametoka Bugarama au Mwaro kwenye baridi, amezoea kulala karibu na moto. Mwingine anahofia wezi, maana jiko jipya likiachwa nje usiku, asubuhi linapika kwa watu wengine. Hii ya mwisho naielewa kabisa, na kwa ajili yake nimeanza kuchomelea pete ya chuma ubavuni mwa jiko. Unapitisha mnyororo, unafunga kufuli kwenye nguzo ya uani, unalala. Wateja walicheka mara ya kwanza. Sasa wanaagiza wenyewe.

Waliolala na jiko wakanusurika huamka kichwa kikigonga, miguu haina nguvu, tumbo linachafuka. Mjini kwetu dalili hizo zina jina moja, malaria, na mtu hununua vidonge akarudi kulala chumba kilekile. Tazama nani mwingine anaugua. Malaria haiwezi kuwaangusha watu wote wa chumba katika saa moja, kisha ikawaachia wakikaa uani. Ukiona hivyo, fungua kila kinachofunguka, watoe watu nje, jiko litoke nalo, na wapelekwe hospitali hata kama wanasema wamepata nafuu. Kwetu Buyenzi ya karibu ni Prince Régent Charles. Mjamzito apelekwe wa kwanza, kwa sababu mtoto tumboni huathirika kuliko mama anavyojisikia. Maziwa ambayo watu hukimbilia kumnywesha aliyevuta gesi hayafanyi kitu. Anachohitaji ni oksijeni.

Na dirisha? Naulizwa kila mara. Dirisha wazi hupunguza, lakini halimlindi aliyelala. Jiko lipikie uani au chini ya ukingo wa paa, na liingie ndani likiwa halina hata kaa moja jekundu. Usafi wa jiko haubadili sharti hilo. Jiko langu mwenyewe, nililolitengeneza kwa mikono yangu, silali nalo.

Sasa kusafisha. Kazi yenyewe ni fupi kuliko maelezo yake. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, jiko likiwa baridi kabisa, fungua mlango wa chini, toa majivu yote kwa kijiko cha zamani au kipande cha bati. Gusa matundu kwa spoki. Ukiona mwanga ukitazama kwa chini, yanatosha. Usigonge sahani kwa nyundo wala kuichokonoa kwa msumari mnene, kwa sababu kila tundu lililopanuliwa hudondosha makaa madogo ambayo hayajamaliza kuungua, na hapo unatupa faranga zako jivuni. Mara moja kwa juma lipanguse bati kwa kitambaa kikavu, hasa pale chini linapogusana na sakafu, na liinue juu ya matofali mawili. Jiko lililokaa kwenye sakafu yenye unyevu huoza miguu kwanza.

Maji yasiliguse. Najua mazoea. Chakula kimeiva, makaa bado mengi, mtu anachukua kikombe anamwaga, jiko linapiga ukelele, mvuke unapanda usoni. Udongo uliokuwa na joto kali unapozwa ghafla upande mmoja. Unajinyonga na kupasuka. Maji hayo yakichanganyika na majivu hutoa magadi, na majivu yenyewe ni ya kunyonya unyevu, hivyo bati hubaki limekumbatia ubichi usiku kucha. Kutu inayoanzia hapo hula bati kutoka ndani, usipoona. Jiko ambalo lingepika miaka huletwa kwangu, kitako mkononi, kabla mwaka haujaisha.

Badala ya maji, tumia debe la chuma lenye kifuniko kinachokaza. Chukua makaa mekundu kwa koleo, yatie debeni, funika, weka nje, mbali na ukuta wa mbao. Yatazimika yenyewe kwa kukosa hewa, na kesho yatawaka upesi kuliko mapya. Kwa familia inayopika mara mbili kwa siku, akiba yake mwisho wa mwezi inaonekana kwa macho. Ila debe nalo lisiingie ndani lingali na joto. Kifuniko hakizuii gesi yote.

Majivu ndiyo yanayodharauliwa kuliko yote. Juu yamepoa, unaweza kutia kidole, kumbe katikati kuna kaa lililofunikwa kama mtoto katika blanketi, na linaweza kuishi hivyo siku kadhaa. Mtu anayamwaga kwenye gunia la taka au ndoo ya plastiki nyuma ya mlango, upepo wa jioni kutoka ziwani unapita, gunia linashika. Nyumba zetu Buyenzi, Bwiza na Nyakabiga zinashikana kuta na mapaa, na barabara nyingine ni nyembamba. Watu wa mji huu hawana haja ya kuhadithiwa moto: tuliliona Soko Kuu likiteketea Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, hadi helikopta za Rwanda zikaja kusaidia kuzima. Sisemi moto ule ulitoka jikoni. Nasema tu kwamba tunajua jinsi moto unavyopita kutoka kibanda hadi kibanda kabla maji hayajafika. Majivu yakae kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko, siku tatu au nne, ndipo yaende chooni, shambani, au kwenye masizi ya masufuria, ambayo hayajapata sabuni bora kuyashinda.

Ufa mwembamba kama unywele kwenye udongo usikutishe. Udongo hupanuka na kusinyaa, na ufa wa namna hiyo hukaa miaka. Ufa unaopitisha ncha ya kisu ni kazi. Nachukua udongo wa mfinyanzi, nauchanganya na majivu yaliyochekechwa na maji kidogo, nalowanisha kingo za ufa, najaza, nakandamiza. Halafu jiko linakaa kivulini hadi likauke lenyewe. Saruji peke yake wateja huipenda kwa kuwa inaonekana imara. Kinywani mwa jiko haidumu. Joto huifanya unga, na unga huo unashuka kwenye matundu.

Jiko jipya, au lililozibwa ufa, lisipewe moto mkubwa siku ya kwanza. Makaa kiganja kimoja, bila sufuria, liachwe lipoe lenyewe. Siku ya pili zaidi kidogo. Somo hili tulilipata upya Aprili 2020, mto Rusizi ulipovunja kingo na kuifunika Gatumba, na tena miaka iliyofuata ziwa lilipopanda hadi kwenye nyumba za pwani. Majiko yaliyokaa majini udongo wake ulikuwa umeshiba. Aliyewasha lake kwa haraka, kwa njaa ya watoto, maji yaliyomo yaligeuka mvuke yakakosa pa kutokea, udongo ukaruka vipande. Jiko lililozama linahitaji juma moja au mawili ya kivuli na upepo, mlango wa chini ukiwa wazi, kabla ya kiganja hicho cha kwanza.

Kuhusu kuwasha, nina ugomvi wa kudumu na majirani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini kwa amri ya mwaka 2018, lakini iliyobaki bado inaishia chini ya makaa kwa kuwa inashika moto upesi. Moshi wake ni sumu, na plastiki iliyoyeyuka huganda matunduni ikawa ngumu kuliko majivu. Hiyo spoki haiitoi. Vijiti vikavu, maganda ya mahindi au karatasi vinatosha. Nayo makaa ya kununua yachague kwa sikio: gonga mawili pamoja. Yakilia kwa sauti kali, yameiva. Yakitoa sauti nzito, yana unyevu au yalitolewa tanuruni mapema, na yatakupa moshi na cheche.

Petroli ni habari nyingine, na siku hizi ndiyo inayonikosesha usingizi. Tangu mafuta yaanze kuadimika mjini, mwenye gari au pikipiki akipata huyaweka akiba ndani ya bidoni, na bidoni hukaa palepale penye kivuli, yaani jikoni au chini ya ngazi karibu na jiko. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu. Unatambaa sakafuni, na jiko letu mlango wake uko sakafuni, unavuta hewa ya chini saa yote linapowaka. Bidoni iliyofunguliwa chumba kimoja inaweza kukutana na makaa yaliyo chumba kingine. Wala petroli isimwagwe juu ya makaa yanayosuasua, hata kifuniko kimoja. Ukilazimika kuweka mafuta, yaweke nje ya nyumba, upande ambao hakuna anayepika.

Watoto wadogo huungua kwa sababu jiko letu ni fupi, usawa wa mikono yao. Matofali yale mawili niliyosema husaidia bati, ila jiko lisiyumbe. Ukilisukuma kwa kidole likatikisika, lirudishe chini. Mtoto akiungua, maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika ishirini. Si dawa ya meno, si mafuta, si yale majivu.

Wanaonijia kutoka shule za milimani wana majiko ya aina nyingine: makubwa, ya matofali, yanayochoma kuni na kutoa moshi kwa bomba. Shule nyingi zinapikia wanafunzi maharage kwa msaada wa PAM, yaani Mpango wa Chakula Duniani, na mpishi mmoja huwa na sufuria mbili au tatu kubwa kuliko mtoto. Kule adui ni masizi. Kuni mbichi hutoa moshi wa baridi, na moshi huo huacha lami nyeusi ndani ya bomba. Ikikusanyika inaweza kushika moto yenyewe, bomba likanguruma na paa likaondoka. Kuni zikaushwe msimu mzima wa kiangazi, zipasuliwe, zikae chini ya paa. Bomba lisafishwe kila muhula kwa kushusha kamba yenye jiwe na fungu la matawi yaliyofungwa katikati, moto ukiwa umezimwa tangu jana yake. Moshi ukianza kurudi kwa mlango wa kuni badala ya kupanda, bomba limeziba; msisubiri muhula uishe.

Kuna majiko nisiyoyatengeneza. Bati likitoboka ubavuni hadi udongo unaonekana, au kitako kikiwa laini kwa kidole, namwambia mwenyewe ukweli, kwa kuwa jiko la namna hiyo siku moja litaachia makaa yote miguuni mwa mtu. Bati nalinunua kwa uzito. Udongo wa zamani nausaga, nautia kwenye udongo mpya, na majiko yatokanayo na mchanganyiko huo hupasuka kidogo kuliko ya udongo mtupu.

Ukinijia, tafadhali limwage majivu kwako kwanza. Mama mmoja alitoka Kinama kwa baiskeli ya abiria, jiko kalitia kwenye kikapu cha ukindu, kikapu kakipakata. Alikuwa na hakika lilizimika tangu usiku. Alishuka mbele ya kibanda changu akiwa ameshika mikono miwili ya kikapu, na kikapu chenyewe hakikuwa tena na sehemu ya chini.